Kompyuta Haipunguzi Bei

Sehemu ya saba

Ule mkono ulikuwa bado uko begani kwake.

Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza ni mkono wa nani. Mmoja wenu kaniandikia kabisa kwamba lazima ni wa mchumba. Mchumba gani, ndugu yangu, saa nne asubuhi ndani ya darasa la fedha? Ulikuwa mkono wa Profesa, na wala haukuwa wa pongezi.

"Binti," alisema Profesa, "nani alikuambia bei itaanguka?"

Kiherehere akageuka. Jina hilo kapewa na mama yake tangu hajaota meno, na kila aliyekaa naye dakika kumi hukubali kwamba limemkaa. Lakini leo ulimi ulikuwa umegoma.

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi ulijuaje?"

"Sikujua."

Wenzake wakaangua kicheko.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, nikudokeze upesi kabla mwenyewe hajalidai. Hawa ni vijana wanne waliopandishwa ndege kuja ng'ambo kusoma mambo ya fedha kwa wiki moja, na leo ndiyo siku ya mwisho. Mmoja wao atabaki katika chuo hiki miaka mitatu, kila kitu kimelipiwa. Watatu watarudi nyumbani kesho. Jina la atakayebaki linabandikwa mlangoni saa kumi na moja jioni.

Asubuhi hiyo kila mmoja alikalishwa mbele ya kompyuta, akapewa milioni moja ya kuchezea. Pesa za kwenye kioo tu, hazinunui hata kiberiti. Kazi ilikuwa kununua hisa za kampuni ya miavuli ambayo haipo popote duniani. Bei iliyoandikwa ilikuwa themanini. Wenzake watatu wakanunua kwa themanini, kimya kimya, kama watu waliolelewa vizuri.

Kiherehere akaandika arobaini.

Akabonyeza, akakunja mikono, akageuza uso akatazama dirishani, kana kwamba hana shida na hisa wala na huo mwavuli wenyewe.

"We dada, kompyuta haipunguzi bei!" kijana wa pembeni yake alimnong'oneza, akacheka mpaka tai ikachomoka ndani ya koti.

Huyo ndiye Mtanashati. Mnamkumbuka: suti siku saba, kola haina hata kunyanzi, na mama yake ni meneja wa benki. Hilo la mama yake alilitaja ndani ya ndege kabla hata hawajafunga mikanda.

Baada ya nusu saa bei ikaanza kuporomoka. Profesa alikuwa ameipanga iporomoke tangu jana, ili vijana waonje hofu ya sokoni ilivyo. Sabini. Hamsini na tano. Arobaini na tano. Wenzake wakachanganyikiwa, wakauza huku wanalaumiana. Bei ilipogusa arobaini, kompyuta ya Kiherehere ikalia mara moja: ombi lake limekubaliwa, hisa zote ni zake. Kisha bei ikageuka, ikapanda, ikapanda, ikasimama tisini. Milioni yake ikawa milioni mbili na robo.

Kwa hiyo msishangae kwa nini Profesa alimshika bega.

"Miaka kumi na sita nafundisha somo hili," alisema. "Hajatokea mtu akasubiri palepale chini. Hata mmoja."

Hapo Mtanashati akainua kidole.

"Profesa, samahani. Mimi sipendi kumchongea mtu."

Ukimsikia mtu anaanza hivyo, kaa mkao wa kuchongewa.

"Lakini leo asubuhi, kabla ya darasa, nilimwona mwenzetu akitoka ofisini kwako. Alikuwa peke yake."

Profesa akauondoa mkono begani. Taratibu.

"Mpango wote wa bei ulikuwa kwenye karatasi," alisema, "na karatasi ilikuwa juu ya meza yangu. Binti, uliingia ofisini kwangu?"

"Niliingia."

"Kufanya nini?"

"Nilikuwa na swali."

"Swali gani?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu la kweli, safi, lisilo na doa. Lakini lilikuwa la aibu kiasi kwamba aliona heri ardhi ipasuke.

"Nimelisahau," alisema.

Lo! Hata mimi ninayewaandikia nilitamani kumfinya.

"Saa tisa uje ofisini," alisema Profesa. "Uje umelikumbuka. Usipolikumbuka, nalifuta jina lako kabla sijabandika karatasi."

Saa tano na nusu wakapelekwa kutembezwa chuoni. Mwenyeji wao alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mchangamfu, mwenye kipaji kimoja cha ajabu: alitembea kinyumenyume. Alitangulia mbele amewageukia wageni, akaongea bila kituo, akapanda ngazi kwa kisigino, akakwepa nguzo na baiskeli bila kugeuka hata mara moja. Wenzake Kiherehere walitazama maktaba. Yeye alitazama ile miguu, akasubiri ianguke. Haikuanguka.

"Maktaba ina ghorofa sita," alisema mwenyeji. "Ya juu kabisa hairuhusiwi hata kunong'ona."

"Hapo huyu hatadumu," alisema Mtanashati, akimwonyesha Kiherehere kwa kidevu.

Siku nyingine angejibiwa mpaka ajute. Leo Kiherehere alinyamaza tu. Alikuwa anahesabu saa zilizobaki.

Wakapita kumbi za mihadhara, wakapita bwawa la kuogelea, wakaingia bweni la mwaka wa kwanza. Mwenyeji akafungua mlango wa chumba kimoja kisicho na mtu.

"Ndivyo vilivyo vyote," alisema. "Vidogo, mtatusamehe."

Kitanda kimoja. Meza moja, taa yake, kiti chake. Dirisha linalotazama miti. Kabati lenye hanga tupu saba.

Kidogo! Kiherehere alimtazama yule msichana asijue acheke au alie. Kwao, katika chumba kama hiki hulala yeye, dada zake wawili na marobota matatu ya nguo, na ukweli ni kwamba marobota ndiyo yaliyolala kwa nafasi. Akaipapasa meza. Akavuta droo, akairudisha. Alikitaka chumba kile. Alikitaka mpaka akatoka mbio kujifanya anafunga kamba za viatu, wakati viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Marobota hayo, niwakumbushe, hajawahi kuyataja kwa mtu. Wiki nzima amekuwa akisema mama yake anaagiza nguo kutoka ng'ambo. Si uongo. Ni ukweli uliopigwa pasi.

Mwisho wa matembezi ni duka la chuo. Vikombe, kofia, kalamu, vyote vimeandikwa jina la chuo. Kiherehere akaona sweta la bluu, saizi ya mama yake kabisa. Kibandiko kimeandikwa thelathini.

Alijizuia. Namwonea huruma, kwa sababu nilimwona alivyojizuia. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi.

"Dada," alimwambia muuzaji, "bei ya mwisho ngapi?"

Muuzaji akatazama kibandiko. "Thelathini. Imeandikwa."

"Hiyo ni ya kuanzia mazungumzo. Nauliza ya kumalizia."

"Ni... ni hiyo hiyo."

"Kumi na tano," alisema Kiherehere, akageuka akaanza kuzisifia kofia za upande wa pili.

Yule muuzaji, maskini, hakuna aliyewahi kumfanyia hivi. Akamwita meneja. Meneja akaja mbio akidhani kuna mwizi. Kiherehere akamwonyesha uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta, akamwuliza kwa upole kama yeye angemvalisha mama yake kitu kinachofumuka. Meneja akautazama ule uzi muda mrefu, kama daktari. Sweta likatoka kwa ishirini na mbili, na kalamu juu.

Mwenyeji wao alipiga makofi. Mtanashati hakupiga. Alikuwa ameinua simu, anarekodi mwanzo mpaka mwisho.

"Umetuvua nguo mbele za watu," alimwambia wakiwa nje. "Hii lazima Profesa aione. Aone anataka kumbakiza mtu wa namna gani."

Saa tisa kamili Kiherehere alibisha hodi, sweta kwapani. Mtanashati alikuwa ameshaingia. Hakuna aliyemwita, lakini watu wa aina yake hawangoji kuitwa.

Profesa alikuwa ameishika ile simu. Alitazama video yote. Akairudia. Ilipofika pale Kiherehere anapogeukia kofia, akaisimamisha kwa kidole.

"Asubuhi pia ulifanya hivi," alisema. "Uliandika arobaini, ukatazama dirishani."

"Ndiyo, Profesa."

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Anafanya kazi benki?"

Pasi ilikuwa pale pale, ya moto, ingetosha kuunyoosha ukweli tena. Kampuni. Uagizaji. Mavazi. Kiherehere akamtazama Mtanashati, aliyekuwa ameshaanza kutabasamu, kisha akakumbuka hanga saba tupu.

"Mama yangu anauza mitumba," alisema. "Nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine. Anazipanga mezani, sokoni, meza ya tatu ukiingia. Mimi nimekulia chini ya meza hiyo. Alinifundisha kwamba mtu akikutajia themanini, mtajie arobaini, halafu jifanye unatazama meza ya jirani. Ndivyo ninavyonunua kila kitu. Nilipoona ile themanini mkono ukaandika wenyewe. Sikujua itaanguka. Nilikuwa nasubiri inibembeleze."

"Mitumba!" Mtanashati alilitamka kama mtu aliyeuma mchanga.

"Na lile swali la asubuhi?" aliuliza Profesa.

Masikio ya Kiherehere yakapata moto.

"Nilikuja kuuliza kama zile milioni zikipotea nitakatwa wapi. Kwetu ukiharibu unalipa. Nilitaka nijue kabla sijagusa. Sikukukuta, nikatoka. Karatasi sikuiona."

Profesa akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu anayekazana asicheke. Halafu akajikaza, uso ukarudi kazini.

"Maelezo mazuri," alisema. "Lakini umepata saa tano za kuyatunga. Na dukani mtu anaweza kwenda kuigiza tu. Mpigie mama yako sasa hivi, kwa video. Usimweleze lolote. Maswali nauliza mimi."

"Mama hajui lugha yenu, Profesa."

"Na wewe hutatafsiri." Akamnyooshea Mtanashati kidole. "Atatafsiri huyu. Huyu hana sababu ya kukupendelea."

Hapo Profesa alisema kweli tupu. Katika jengo lile lote la ghorofa nne hakukuwa na mtu mwenye sababu chache kuliko Mtanashati.

Simu ikaita mara tano. Ikapokelewa, na kwenye kioo likatokea paji la uso na nusu jicho.

"Kiherehere wangu! Umekula?"

"Shikamoo mama. Nimekula. Sogeza simu mbali kidogo, hatukuoni. Mwalimu wangu ana swali, kuna mwenzangu hapa atakutafsiria."

Mtanashati akapokea simu kwa vidole viwili.

"Shikamoo mama," alisema haraka, uso ameukunja pembeni. "Mwalimu anauliza, mtu akikutajia themanini, wewe unasemaje?"

"Marahaba, baba. Themanini ya nini? Gauni? Lina zipu au zipu imekufa?"

"Kitu chochote, mama."

"Arobaini," alijibu mama bila kupumua, na vidole vinne vikasimama kwenye kioo. "Halafu huyo mtu simtazami tena. Nafanya hivi."

Akakunja mikono. Akainua kidevu. Akageuza uso, akatazama meza ya jirani kwa mapenzi makubwa, kama vile amezaliwa ili aitazame.

Kuna mwenzetu pale ambaye angeweza kuipindisha tafsiri, na nina hakika lilimpitia kichwani. Alichelewa. Profesa alikuwa ameshaona mwenyewe. Alimtazama mama, akamtazama binti, shingo ile ile, kidevu kile kile, na kicheko alichokibana tangu mwanzo kikamtoka mpaka akavua miwani.

"Imetosha," alisema akijifuta macho. "Binti, jina lako halifutwi. Saa kumi na moja njoo mlangoni, na uje ukiwa na nguvu za kusimama."

Kiherehere alilikumbatia lile sweta kifuani. Alikuwa ameshafungua mdomo amwambie mama yake.

Lakini mama ni mama wa Kiherehere. Unadhani binti alikirithi kiherehere kwa nani?

"Hebu ngoja," ilisema simu. "We kijana unayetafsiri. Sogea kwenye mwanga, baba. Inua uso. Hivyo hivyo." Jicho likajaa kioo kizima. "Si ndiye huyu! Jirani! Jirani, acha hivyo viatu, njoo mbio! Si ndiye wako huyu, wa kwenye ile picha unayotuonyesha kila siku tangu uhamie hapa wiki hii?"

Mtanashati akataka kuikata. Kidole hakikuwahi.

Simu kule sokoni ikabadilisha mikono. Akatokea mama mwingine, mwembamba, brashi ya viatu mkononi, weusi wa rangi umemshika kwenye vidole na shavuni. Alitazama. Alitazama tena. Brashi ikaanguka.

"Mwanangu?" alisema. "Ni wewe? Jamani, uko wapi huko? Umependeza, mwanangu. Tangu mwezi wa tatu hupokei simu zangu, nimekuulizia kwa kila mtu. Kama nimekukosea niambie. Na kama huna la kusema, pokea tu, unyamaze, nisikie unavyopumua, inanitosha."

Meneja wa benki! Kiherehere akamtazama Mtanashati, na kwa mara ya kwanza tangu wapande ndege, akaona kola yake imeloa jasho.

"Na huyu mama anasemaje?" aliuliza Profesa, bado ana tabasamu lake la kicheko cha mwanzo.

Mtanashati akainyoosha tai.

"Anauza viatu," alijibu kwa lugha ya Profesa. "Anauliza kama ungependa kununua."

Profesa akainama akaangalia viatu vyake chini ya meza. "Mshukuru sana. Mwambie vyangu bado vizima."

Mtanashati akaigeukia simu.

"Mwalimu anasema asante, mama," alisema, kwa ile sauti tunayomtolea mama yeyote aliyetupisha njiani.

"Asante ya nini?" aliuliza mama, anacheka huku machozi yanamshuka pamoja na ile rangi nyeusi. "Mwalimu wako ndiye huyo? Mwambie namshukuru mimi. Mwambie mimi ndiye mama yako."

Profesa hakujua hata neno moja la lugha yetu. Lakini macho alikuwa nayo. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Mtu halii hivi akiuza viatu," alisema. Akauvuta wasifu wa Mtanashati uliokuwa mezani, akaufungua ukurasa wa kwanza, mahali palipoandikwa kazi ya mzazi, akaweka kidole. Kisha akamgeukia Kiherehere. "Binti. Mwenzako ametafsiri sawasawa?"

Nafasi ni moja. Neno moja tu la Kiherehere, na jina la Mtanashati linafutwa, yuko kwenye ndege kesho asubuhi, kiti cha dirishani. Alilijua hilo. Mtanashati alilijua zaidi. Alikuwa anamtazama, na midomo yake ilikuwa inasema tafadhali bila kutoa sauti.

Kiherehere alimchukia wiki nzima, na haki ya kumchukia anayo. Lakini dakika chache zilizopita, kwenye zulia hili hili, yeye mwenyewe alikuwa amebakiza kidogo tu amwite mama yake kampuni.

"Hajamaliza kutafsiri, Profesa," alisema. "Mpe nafasi amalizie."

Akarudi nyuma hatua moja, akanyamaza. Yeye, Kiherehere, akanyamaza!

Profesa akasubiri, kidole kikiwa juu ya karatasi. Mtanashati akabaki na simu mkononi, na ndani ya simu mama yake amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

"Mwanangu," aliita, sasa polepole, "mbona hunijibu?"